Jina la Nyanya Kitabuni

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na goti lako nalisalimu kando maana najua ukaidi wake. Baridi ya hapo mtaani Jericho isikudanganye ukaacha dawa. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe hupokea kwa spika, na majirani wote wakasikia. Barua hii anakuletea Awino, muuguzi mwenzangu anayekuja nyumbani likizo. Isome peke yako.

Kile kitabu nilichokutumia, Mama, kisisomwe tena.

Unamjua Mzee ninayemtunza huku Uingereza. Ujanani alikuwa mshairi, na bado hunighania mashairi yake nikimwogesha, hadi maji yanapoa. Mashairi hayakumpa hata jiko. Nyumba hii kubwa ilitokana na riwaya zake za wafalme na vita vya kale. Uzeeni akataka kuandika Nairobi ya wakati wa mkoloni, na Pumwani, mtaa wa Nyanya, hajawahi kuikanyaga. Pumwani yake nilikuwa mimi. Miaka miwili nilimsimulia nikipika, jinsi Nyanya alivyouza uji kwa wafanyakazi wa reli hadi akajijengea nyumba ya udongo kwa mikono yake, mwanamke asiye na mume. Mzee alilia, Mama. Nami mjinga nikadhani machozi ni heshima.

Kitabu kilipotoka nilikutumia kabla sijakisoma, kiburi kimenipanda kichwani. Kakangu Mutua akafurahi kumwona Nyanya kitabuni, akaniandikia, "Sistee, shosh ako ndani ya buku! Mtaa mzima inangoja." Nikasikia yule jirani yetu mwalimu mstaafu anawatafsiria akina mama wa kanisa kila Jumapili, sura moja moja, nawe umekaa kiti cha mbele.

Mimi nimekimaliza juzi. Katika sura ya tisa Nyanya hauzi uji. Anauza mwili wake kwa askari, na nyumba inajengwa kwa pesa hizo. Jina Mzee hakulibadilisha. Ni Ndunge vilevile, jina la mama yako ulilonipa mimi, ambalo kwa ajili yake waniita mama hadi leo.

Nilimwuliza.

"Hiyo ni riwaya, binti yangu," akasema, akingoja kijiko. "Uji hauwezi kubeba kitabu kizima."

"Uliwabeba watoto wanne," nikamjibu. "Na jina?"

"Zuri mno kuliacha."

Nikaendelea kumlisha. Kwa hasira yote niliyokuwa nayo, nilimlisha hadi bakuli likaisha.

Nisamehe. Ulinikabidhi Nyanya, nami nikamtoa kama chumvi kwa jirani. Mwambie mwalimu kitabu kimepotea, kabla hajaifikia sura ya tisa. Najua hujawahi kudanganya watu wa kanisa, lakini dhambi hiyo iwe yangu.

Nisalimie kakangu Mutua, na shangazi wa mboga pale sokoni. Msalimie na mwalimu, yeye hana kosa.

Kuna jambo moja zaidi. Mzee ameanza kitabu cha pili. Jana nikimfunga vifungo vya shati akaniuliza, "Yule binti mdogo wa Ndunge, aliyekuwa akiosha vikombe vya uji, aliishia wapi?"

Nikamwambia alikufa kwa surua kabla ya kuanza shule, na kwamba mimi nilizaliwa na kaka yake. Akasikitika, akafunga daftari.

Mama, nimekuzika ungali hai. Huko nilikokuzika hawezi kukufikia.

Ni mimi, mwanao na mama yako,
Ndunge