Laptop ya Kanisa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kikao cha kanisa kimeisha vibaya. Kompyuta kuukuu ya ofisi imekufa, na mzee Nzomo, mwekahazina wetu, anataka laptop. Tena ile nyembamba! Mimi karani, ninayechapa kila kitu hapa, nilisema desktop. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Desktop haibebeki, ndiyo sababu. Laptop itaenda kwake, mkewe Nthiwa achape matangazo na programu za mazishi huko, na mimi nirudi kuchunga mbuzi wa mama. Miaka sita ofisini — halafu mbuzi.

Alhamisi, 12 Juni

Stima imepotea tangu asubuhi, Mutomo nzima. Nzomo akapita mlangoni makusudi, akauliza desktop yangu, isiyo na betri, ingekula nini leo. Akacheka mpaka akakohoa. Alichosema ni kweli, na ndiyo maana namchukia zaidi.

Nikamwambia keyboard ya desktop ikiharibika unanunua nyingine, ya laptop imeshikana na mashine. Akasema nani ataiharibu.

Jumamosi, 14 Juni

Imenunuliwa. Anaibeba kwapani kama Biblia. Kesho itawekwa wakfu, kisha iende kwake, eti kwa usalama. Usalama! Nthiwa ameshaniomba nimfundishe kuchapa. Mimi!

Jumapili, 15 Juni

Niliambiwa niifungue pale mbele, washirika waone picha ya kanisa kwenye skrini. Mchungaji Mulinge akaomba, akainua chupa ya mafuta ya upako. Gitaa mwaka jana alilipaka tone moja. Leo kifuniko kilitoka chote. Mafuta yakamwagika juu ya herufi, watu wakaitikia amina. Skrini ikazimika kabla ya wimbo.

Nilikuwa nimesimama kando ya laptop. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 17 Juni

Kikao tena. Fundi amesema haitengenezeki. Mchungaji akasimama, akasema kosa ni lake, atauza ng'ombe mmoja anunue nyingine. Ana wawili tu. Na safari hii iwe desktop, ikae ofisini, kwa sababu karani Kalondu alituonya.

Nimeshinda!

Kifuniko kile kilikuwa kimelegea. Nilikiona kabla hajainua chupa. Kuifunga laptop ni kazi ya kidole kimoja. Sikuifunga. Nilitaka iharibike, Nzomo akiangalia.

Wametoka kunywa chai, ndiyo nimepata kuandika haya. Nzomo aliinama mezani kwangu kabla ya kutoka.

"Kalondu, andika kwa minutes, hiyo ni kosa ya pastor. Andika vizuri, isomeke."

Minutes, kumbukumbu za kikao, ziko hapa chini ya kitabu hiki. Nimeandika mpaka "kosa la", nikakwama. Mchungaji ndiye huyu anaingia. Ameniletea chai yeye mwenyewe, sukari vijiko viwili, anavyojua napenda. Anauliza kama nimeshaandika jina lake.