Abee Iliyonifukuzisha Kazi

Mjukuu wangu Latifa,

Marahaba, kipenzi. Hapa Changamwe ningali kwenye fungate; babu yako mpya ananimenyea machungwa, nami nacheka peke yangu kwa furaha!

Unauliza kama ujitoe katika chama chenu cha marubani, maana viongozi walioko Nairobi hawapokei hata simu. Nilipokuwa msichana kiwandani, msimamizi mgeni wa bara aliniita, nikaitika, "Abee!" Akadhani namwigizia mbuzi, akanifukuza. Mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi akamwendea: "Bwana, huyu amekuheshimu! Ndivyo wanawake wa huku wanavyoitika." Nikarudishwa.

Yule alikuwa jirani, alinijua. Wenu wako mbali, naelewa unavyochoka. Lakini kabla hujajitoa, mwanangu, gombea wewe uwakilishi wa Mombasa. Marubani wa huku wapate wa kuwasemea.

Bibi yako, bi harusi.