Kidonge cha Saa Moja Asubuhi

Gisenyi, tarehe 14 Juni 1999

Mpendwa mdogo wangu Joanita,

Nakusalimu kwa furaha ya kurukaruka! Huku tuko wazima wote, Mama pia, mgongo tu unamsumbua akilima. Na wewe huko Montréal? Hizo serumu za kansa wanazokutundikia mshipani zinakutesa bado? Usinijibu "niko sawa", nijibu kweli.

Bon, barua yako nimeisoma mara nne nimesimama palepale posta. Kumbe umekula! Siku tisa unatapika tu, halafu daktari anakupa kidonge, na jioni unamaliza sahani ya viazi na maharage! Nilipiga kelele, watu wakageuka.

Lakini we una kichwa kigumu, jamani! Eti unataka kukiacha kwa sababu kina undugu na urumogi, bangi ileile, na Mkristo hawezi. Basi nikakimbia kwa jirani yetu Damascène, aliyesomea dawa Butare. Mi nilidhani huko Kanada wanasaga majani wanatia ndani! Akacheka mpaka akakaa. Kidonge chako hakijaona jani hata moja. Kimetengenezwa kiwandani, kinafanana tu na kile kitu kilicho ndani ya bangi. Na sikia hii: mwili wetu wenyewe unatengeneza kitu cha namna hiyo, na kwenye ubongo iko milango yake, ya kutuliza kichefuchefu na kuleta njaa. Hata mchungaji wako anayo! Moshi wa bangi unaingia hapohapo bila kipimo, chako daktari amekipima. Mdomo utakauka, utasinzia, kichwa kitazunguka, moyo unaweza kwenda mbio. Ukizidiwa umwambie daktari, na usiendeshe voiture.

Sasa usikasirike. Uliniomba nisimwambie Mama. Nimemwambia yote, hata hilo neno urumogi. Niliogopa, unamjua na kanisa lake. Akafuta mikono kwenye kitenge, akauliza kitu kimoja tu: unameza saa ngapi?

Mume wangu Faradji anakusalimu, na msikitini kwake wanakuombea. Binti yetu Diane anakubusu.

Mama hajatuma salamu. Nilimhesabia masaa: kwenu ikiwa saa moja asubuhi, saa uliyoniandikia, huku ni saa saba mchana. Tangu Jumatatu iliyopita, ikifika saa saba anaweka jembe chini, anakaa, anasema, "Sasa anameza." Joanita, tafadhali, umeze.

Mungu akupe hamu ya kula na nguvu ya kurudi.

Ni mimi yaya, dada yako mkubwa akupendaye sana,
Donatille