Mkate wa Akika

Kilwa Masoko

Kaka yangu Ridhiwani,

Assalaam aleikum, na shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, na wifi yangu Samia anazidi kupata nguvu baada ya kujifungua. Mtoto je, ameanza kulala, au bado anawakesha? Sisi huku tu wazima kiasi. Shemeji yako Jafari anakusalimu sana, na Mama anauliza habari zako kila anaposikia simu inalia.

Utashangaa nakuandikia barua na simu ninayo. Nikikupigia, Mama huja kukaa ubavuni kwangu asikie sauti yako, na haya ninayotaka kukueleza hapaswi kuyasikia. Ndiyo maana barua hii nampa Fakihi, anayekuja huko Mingoyo kwenye korosho. Hata sasa situlii. Naandika mstari, nainuka, nachungulia kama Mama amerudi kutoka kwa jirani.

Ulipotuma habari kwamba kwenye akika ya mtoto unataka mkate wa kumimina wa mkono wa Mama, alifurahi mpaka akaenda mwenyewe sokoni kuchagua mchele. Akasema tuujaribu kwanza, kwa kuwa jiko langu hajalizoea. Tukasaga mchele uliolowekwa pamoja na tui na iliki, tukatia hamira na sukari. Mama akaonja rojo kwa ncha ya kidole, akasema sukari bado. Nikaongeza. Akaonja tena, akasema bado. Sukari ilipoyeyuka, rojo likawa jepesi kama maziwa, ikabidi tusage mchele mwingine kulirudisha. Lilipokuwa zito, akaona utamu umepungua, tukaanza upya. Mkate ulipoiva, chini umeungua na katikati umelala kama ugali. Mama akalaumu nazi.

Tuliporudia akalaumu hamira, kisha makaa. Jafari alikuwa akila kipande kwa heshima, halafu anakimbilia maji. Apolonia, huyo jirani yetu, aliniuliza taratibu kama nimekosea kipimo, maana wanawe wameshindwa kuumaliza, na hao ni watoto wa kulamba sukari kiganjani. Nikakosa raha kabisa. Nafua nawaza rojo, nasali nawaza rojo. Halafu mchana mmoja nikasahau kutia chumvi kwenye mchuzi, na Mama akaula wote bila kusema neno. Mama yetu, kaka, aliyekuwa akirudisha chai jikoni kwa sababu ya tangawizi.

Jana asubuhi aliponiambia tena niongeze sukari, nilishindwa kujizuia. Nilichota rojo kwenye kijiko, nikatia chumvi humo badala ya sukari, nikampa. Akaonja, akafikiri kidogo, akasema, "Sasa linakaribia."

Nilikaa chini pale pale. Aliniangalia usoni, naye akaelewa nilichomfanyia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia kwamba tangu ile homa ya masika ulimi wake hauonji kitu, si tamu wala chungu, kila chakula ni kama karatasi iliyolowa. Alikuwa akingoja urudi wenyewe. Nikamuuliza kwa nini ametuficha. Akasema, "Ridhiwani tangu aoe hajaniomba kitu. Sasa ameniomba mkate. Ukimwambia, ataagiza keki." Akaniapisha nisikwambie, nami nikaapa.

Kwa hiyo kiapo chenyewe nimekivunja, hata siku mbili hakijafikisha. Nisamehe, na Mungu anisamehe.

Leo tumepika tena. Nilimwambia rojo ni la mkono wake, na kwenye sukari nitamwazima ulimi wangu. Alichota kwa upawa, akaliacha lidondoke, akaniamuru nitie tui, nisimame, nitie tone lingine, basi. Hapo hakubahatisha hata kidogo. Sukari nikaonja mimi. Mkate umeumuka ukatoa vitundu vyote, na Jafari ameomba kipande kingine. Mama hakucheka wala kujisifu. Alikaa akinitazama ninavyotafuna mpaka nikameza.

Kaka, siku ya akika kipande cha kwanza atakuletea wewe, na atakutazama hivyo hivyo. Nakuomba usimsifu kabla hujatafuna. Kama sukari imezidi mwambie imezidi, kama imepungua mwambie imepungua. Akigundua unamwonea huruma, hatashika upawa tena maisha yake. Na akishafika huko, tafuta namna ya kumpeleka kwa daktari Lindi, useme umeona amekonda. Mimi nikimtajia hospitali anaondoka chumbani, lakini wewe hatakukatalia.

Nasikia lango, ni yeye. Msalimie Samia, mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake, na majirani wote wanaotukumbuka wape salamu zetu. Barua ukishaisoma ichome.

Na tafadhali, usiagize keki.

Ni mimi mdogo wako,
Maftaha