Elfu Sitini za Nairobi

Mbale, Jumatano, 12 Novemba. Mvua tangu alfajiri. Ni mwaka wa thelathini na tisa tangu nyumba yetu ya Nairobi ibomolewe, nami nikavuka mpaka na sanduku moja la vitabu.

Mpwa wangu Hamisi anachapisha vitabu huko, na anataka nikawe msahihishaji wake. "Mjomba, rudi kwenu," aliniambia juzi. "Piga hesabu ya maisha ya hapa, unitajie mshahara. Mimi mwisho elfu sitini."

Jana nilipiga hesabu, nikaikosea vibaya. Niligeuza elfu sitini za Kenya kuwa shilingi za Uganda, zikakaribia milioni moja na laki saba, kisha nikazitumia kwa bei za hapa mtaani kwetu Namakwekwe. Zikabaki nyingi mno. Mwenye nyumba wangu, Mama Shakira, akachungulia karatasi.

"Mzee, kumbe wewe tajiri! Mimi napandisha kodi leo leo."

Leo nimeanza upya, kwa shilingi za Kenya na bei za Nairobi alizonitajia mke wa Hamisi. Chumba chenye choo ndani, elfu ishirini na mbili. Chakula, kumi na nane. Nauli ya kazini sita, dawa za presha tano, maji na umeme nne. Zikasalia elfu tano.

"Sasa utakuwa maskini ya mshahara kubwa," Mama Shakira akacheka.

Lakini zilitosha. Ningeweza kufunga daftari. Badala yake nikaongeza mstari mmoja, bila hata kufikiri: basi la kutoka Nairobi hadi Mbale na Jinja, kwenda na kurudi, kila mwezi, elfu tisa.

Mke wangu amezikwa Jinja. Binti yetu anakaa huko huko, mtaa wa Nalufenya, na kila nikienda hunipeleka kaburini kabla ya chai.

Nikampigia Hamisi.

"Hiyo safari ndiyo inakumaliza, Mjomba. Itoe."

Nilijaribu kuufuta mstari ule. Sikuweza. Nikamwambia haufutiki, naye akalegea. "Haya, elfu nne zilizopungua naongeza mimi. Umeridhika?"

Hapo nikakosa kisingizio.

Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba ningerudi kama ningekuwa na uwezo. Nimesema hivyo hata msikitini, nikihurumiwa, na huruma ile niliipenda. Leo uwezo umeletwa hadi mlangoni, nami nikajikuta natafuta gharama nyingine ya kuongeza.

Nimeshamwandikia Hamisi. Anitumie kurasa kwa simu, nizisahihishe hapa, anilipe kwa ukurasa. Bei nimeitaja mwenyewe, na sitaipunguza kwa sababu ya udugu. Kazi nitaifanya vizuri. Macho bado yanaona nukta iliyokosewa.

Bado hajajibu. Akikataa, nitaomba kazi kama hiyo kwa wachapaji wa Jinja.

Nairobi sitarudi.