Mwanangu Anadhani Ndiye Aliyeivunja Bendi Yetu

Mpendwa Shangazi Merle,

Naomba msaada wako, maana nimekaa na jambo hili mpaka chakula hakishuki, na mume wangu Gavin amenishauri kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wake ni kuniambia nifanye ninachotaka kisha anatoka kwenda kumwagilia nyanya zake, na mimi sijui ninachotaka, au tuseme ninajua na ndiyo maana ninaogopa.

Nina miaka hamsini na mitatu, napokea wagonjwa kwa daktari wa meno hapa hapa Newcastle, na ukiniona dukani na kikapu changu huwezi kudhani, lakini nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu nilikuwa mpiga ngoma wa bendi ya roki. Tulijiita Bati Bovu. Tulikuwa watatu: Trudi aliimba na kupiga gitaa, Spiro alishika gitaa la besi, na mimi nilikaa nyuma na ngoma zangu, na mazoezi tulifanyia katika gereji ya baba yake Spiro, katikati ya makopo ya rangi na madumu ya zeituni, kwa makelele yaliyomfanya jirani ahamie kwa dada yake kila Jumamosi. Shangazi, wewe unaukumbuka wakati ule, kila mtaa ulikuwa na bendi, watoto wa watu wa kiwanda cha chuma na wa migodini, nywele hazijaona kitana, mashati ya flana ya miraba hata Januari jua linapochoma, na ukikutana na mtu hakukuuliza baba yako ni nani wala unafanya kazi wapi, alikuuliza unapenda bendi gani, na jibu lako ndilo lililoamua kama mtakuwa marafiki au la. Trudi alipenda zile bendi za Marekani zenye huzuni ya mvua, Spiro alipenda za Sydney zilizopiga haraka kama zinakimbizwa, na mimi nilipenda bendi yoyote ambayo mpiga ngoma wake anapiga kama mtu anayegombana na mlango.

Basi tulipiga kwenye mabaa, tukapiga kwenye kumbi za shule, Gavin ndiye alikuwa dereva wetu wa gari dogo la mizigo, halafu siku moja kaseti yetu ikachezwa kwenye redio ya vijana na watu wa Sydney na Brisbane wakaanza kutuita, na katika hali hiyo hiyo nikapata mimba. Sikuacha. Nilipiga mpaka tumbo likanizuia kuifikia ngoma ya mbele. Na sikiliza, Shangazi, hakuna aliyenifukuza, wenzangu walisema watanisubiri, na mama yangu, Mungu amrehemu, alisema nizae nimwachie mtoto, niende na wenzangu, nitarudi nimkute. Nilikuwa nimekubali hivyo. Kisha Brodie akazaliwa, nikamshika, na kabla ya wiki kwisha nikampigia Trudi nikamwambia watafute mtu mwingine. Hivyo tu. Wakampata, kijana hodari sana, na mwaka uliofuata wimbo wao mmoja ukawa wimbo wa nchi nzima, ulipigwa kwenye mashindano ya mpira, ulipigwa kwenye harusi, ulipigwa mpaka kwa daktari wangu wa meno.

Spiro ndiye baba wa ubatizo wa Brodie, na kila Krismasi tukiwa uani tunachoma soseji anamshika mwanangu shingoni na kuwaambia wageni, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyeivunja bendi," na watu wanacheka, na Brodie anacheka, na mimi pia nimecheka miaka yote hiyo kwa sababu ni utani na Spiro anampenda kama mwanawe.

Sasa mwaka huu Trudi na Spiro wamealikwa kupiga alasiri moja kwenye bustani ya bandarini, pamoja na bendi nyingine za zamani za mji huu, na yule kijana wao wa ngoma, ambaye si kijana tena, amefanyiwa upasuaji wa bega. Trudi akaja kwangu mwenyewe, akakaa jikoni, akasema, "Narelle, tunakutaka wewe. Bega lake limetupa kisingizio tu." Nikakubali kabla hata chai haijachemka. Nikaenda mazoezini na nikakuta mikono inakumbuka mambo ambayo kichwa kilishayasahau, nikarudi nyumbani nimelowa jasho, nikajiona kwenye kioo cha gari, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Lakini Brodie akaacha kuja kula kwetu Jumapili. Ana miaka thelathini sasa, anafanya kazi kwenye boti zinazovuta meli za makaa, ameoa msichana mzuri anaitwa Kirra na wanatarajia mtoto wao wa kwanza. Mara ya kwanza alisema amechoka, mara ya pili kazi, mara ya tatu Kirra akanipigia kwa sauti ya chini akasema, "Mama, sijui ana nini, wimbo wenu ukitokea redioni anazima." Nikaoka keki nikaenda. Nilimkuta chumbani anaunganisha kitanda cha mtoto, nikamwuliza kama amekasirika kwa sababu ninakwenda kupiga, akasema hapana bila kuinua uso. Nikasema kama hataki sitakwenda. Hapo ndipo akaniambia, "Nenda, Mama. Nimekukalia miaka thelathini, inatosha."

Nikamwambia sijawahi kujuta hata siku moja. Akaweka bisibisi chini akanitazama.

"Usinidanganye, Mama. Mimi nilikuwemo kwenye gari."

Nikajua palepale anasema gari gani. Alikuwa na miaka minne, tunatoka ufukweni Merewether, amelala kiti cha nyuma na mchanga miguuni, na ule wimbo ukaanza redioni, nikaegesha kando ya barabara nikalia mpaka ulipokwisha, kisha nikajifuta nikaendesha. Nilidhani amelala. Kumbe mtoto alikuwa macho, na amekuwa macho miaka yote hii, na kila Krismasi alipokuwa akicheka nasi alikuwa anajua jambo ambalo mimi nilidhani nalijua peke yangu.

Niliacha keki mezani nikaondoka. Nimeshaandika ujumbe wa kumkatalia Trudi lakini sijautuma. Niambie, Shangazi, nikatae ili mwanangu ajue kwamba namchagua yeye leo kama nilivyomchagua mwanzo? Au nikienda nitakuwa nimemthibitishia kile alichokiamini tangu akiwa na miaka minne? Nampenda kuliko pumzi yangu. Na ngoma pia nazitaka. Tafadhali usinicheke.

Narelle, Newcastle

*

Narelle,

Sicheki. Chai yangu imepoa nikiisoma barua yako, na mimi si mtu wa kuacha chai ipoe.

Pole, mwanangu. Pole kwa yale machozi ya kando ya barabara, na pole zaidi kwa kuyabeba peke yako wakati kulikuwa na mwenzako kiti cha nyuma. Sasa nipe nafasi nikugombeze kidogo.

Mtu mzima mwenye boti na mke amekuambia jambo lililomkaa rohoni tangu hajaanza shule, na wewe umemjibu kwa sentensi ya kadi ya siku ya kuzaliwa. "Sijawahi kujuta hata siku moja." Narelle, alikuona! Ulipomwambia hivyo hukumtuliza, ulimwambia kwamba macho yake yalimdanganya. Mtoto anaweza kuishi na mama aliyelia. Kinachomtesa ni kukosa mtu wa kumwuliza mama alilia nini, kwa hiyo anajijibu mwenyewe, na watoto wakijijibu wenyewe hujitia hatiani daima.

Na hiyo habari ya kukataa, itoe kichwani. Ukikataa, unadhani Brodie atasema "ala, kumbe mama ananipenda"? Atasema ameivunja bendi mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa kichanga, hakuwa na la kufanya. Safari hii ana ndevu. Unataka aingie kwenye ubaba na mzigo huo? Mwenzako yuko chumbani anaunganisha kitanda, Narelle. Anakaribia kushika mtoto wake mwenyewe, na hapo ndipo mtu huanza kujiuliza yeye mwenyewe aliwagharimu nini wazazi wake. Si ngoma zako zilizomfukuza mezani kwako Jumapili. Anaogopa kwamba mtoto ni kitu kinachomnyima mtu maisha yake, na anakutazama wewe ili apate jibu.

Huyo Spiro naye mwambie Shangazi Merle amesema utani huzeeka, na huo wake umeshafika umri wa kustaafu. Simlaumu, najua ni upendo. Lakini amwambie kijana kwa mdomo wake kwamba hakuvunja kitu, faraghani, si mbele ya soseji.

Sasa fanya hivi. Ule ujumbe wa Trudi ufute leo. Kisha mpigie Brodie simu, usimwandikie. Usimwombe aje mzungumze, atakimbia. Wanaume wa mji huu ukiwaambia "tuzungumze" wanakumbuka kwamba mfereji wa paa umeziba. Mwambie ngoma zako ni nzito na gari la Gavin ni dogo, na yeye ana pikapu. Atakuja, kwa sababu umemlea vizuri. Mkiwa njiani, wote mnatazama mbele, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, mwambie. Mwambie kwa nini ulilia, lote, mpaka sehemu mbaya. Mwambie pia kwamba bibi yake alijitolea kumlea na wenzako walikuwa tayari kusubiri, na wewe ndiye uliyekataa, kwa sababu nina shaka hajui. Anadhani mlango ulifungwa usoni pako alipozaliwa. Hajui kwamba ulikuwa wazi na wewe ukaamua kubaki ndani naye.

Na ukifika mahali unataka kusema "nililia lakini nilikupenda", meza hiyo "lakini". Sema "na".

Kisha nenda kapige ngoma, na uzipige kwa nguvu. Ukipiga kwa woga ili asione kwamba umefurahi, atajua, kwa sababu huyo mtoto hulala na jicho moja wazi.

Shangazi Merle

*

Wasomaji wangu, wengi mmenisimamisha sokoni na hata kanisani kuniuliza ya Narelle yaliishaje. Amenipigia simu, na amenipa ruhusa niwaambie.

Brodie alikuja na pikapu kama nilivyosema. Walipakia ngoma, wakaondoka wakizungumzia foleni tu, na Narelle anasema alikuwa ameshakata tamaa walipofika kwenye taa nyekundu karibu na hospitali, ndipo yeye mwenyewe akaanza kumweleza, huku akiitazama taa. Alimwambia habari ya bibi yake. Alimwambia habari ya simu aliyompigia Trudi. Alimwambia kwamba siku ile alilia kwa sababu wimbo ulikuwa mzuri na yeye hayumo, na kwamba ulipokwisha alimtazama kwenye kioo, amelala na mdomo wazi, au alivyodhani amelala, na hakutaka kubadilishana na mtu yeyote duniani.

Brodie akauliza kama hata siku moja hakutaka kubadilishana.

"Siku moja moja," mama yake akasema. "Ulipopata tetekuwanga ningekupa bure kwa mtu yeyote."

Anasema Brodie alicheka mpaka magari ya nyuma yakawapigia honi, taa ilikuwa imeshageuka kijani. Kisha akatia gia akaendesha mpaka bustanini, na Narelle, kwa mara ya kwanza katika maisha yake kama ninavyomjua sasa, akanyamaza.

Kabla ya kupanda jukwaani Spiro alimvuta Brodie pembeni. Walilozungumza Narelle hakulisikia. Aliona tu yule mzee amevua miwani na Brodie amemshika bega.

Halafu wakapiga. Kirra alikaa kwenye kiti cha kukunja nyuma kabisa kwa sababu ya tumbo, Gavin akasimama karibu naye akishangilia mahali pasipo pa kushangilia. Narelle anasema alikosea katika wimbo wa pili, vibaya, na Trudi akageuka akamcheka, na baada ya hapo hakuogopa tena. Ule wimbo wa nchi nzima waliuweka mwisho. Aliupiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu, wimbo aliousikiliza miaka yote redioni kama mgeni, na watu wote bustanini wakauimba, na alipoinua macho alimwona Brodie ukingoni mwa jukwaa. Haimbi. Anamtazama mama yake tu, jinsi mtu anavyotazama meli aliyoivuta mwenyewe ikishika bahari.

Walipomaliza mikono ya Narelle ilikuwa imechoka, hawezi kufungua hata skrubu moja ya ngoma zake. Brodie akapanda akaanza kuzifungua yeye. Trudi akapita akasema Melbourne nao wamewaalika, mwezi wa tatu, kisha akaenda zake. Brodie akafungua skrubu ya mwisho.

"Utaenda?" akauliza.

"Nataka," Narelle akasema.

Brodie akainua ile ngoma kubwa, akaiweka begani.

"Basi niambie mapema niombe ruhusa kazini," akasema. "Hii huwezi kuibeba peke yako."