Dubu Mwenye Godoro

Nyakasanza, Jumanne

Bado nawaona akilini wale dubu wa kitabuni wakipita kijiji cha Marabo ndani ya ukungu, polepole, bila risasi hata moja nyuma yao.

Leo niliwafundisha watoto waliokimbia vita kule Djugu kwamba zamani kabisa dubu wakubwa kama nyati walihama kutoka Ulaya, kizazi kwa kizazi, kuelekea Afrika. Nikasema wachore. Rosine, ambaye mama yake bado hajafika hapa Bunia, alichora dubu mwenye godoro kichwani.

Nikakasirika bure. "Nyama wa pori anabeba godoro?"

"Sasa Mwalimu, ile dubu ilikuwa inalala wapi mu njia?"

Kisha akauliza kama walifika.

Kitabu kinasema walifika Afrika, kisha wakafa wote hukuhuku. Nikakifunga, nikamwambia walifika.